Chumba Kitupu Si Dawa: Kumsoma Utubora Tukiwa Kihesa

Siku hizi huhitaji kununua kitabu ili ufundishwe kuishi na vitu vichache. Unafungua simu tu, unakutana na chumba cheupe, godoro chini, ua moja ndani ya chupa, na sauti ya upole inayokuambia gawa hiki, toa kile, bakiza kimoja, utaona akili inavyotulia. Wenyewe wanauita minimalizimu. Wapo vijana wa vyuo hapa Iringa wanaoufuata mtindo huu kwa mapenzi, na wapo wanaousikia wakiwa na msongo wa mawazo kwelikweli, wanatafuta chochote cha kushika. Kwa sababu ya hao wa pili nadhani inafaa tuusome kama tunavyosoma hadithi yoyote: nani anasimulia, anamsimulia nani, na ameacha nini nje.

Nitaanza na vitabu vya wenyewe, nije mtaani Kihesa, halafu nirudi kwenye kabati letu, kwa Shaaban Robert na Euphrase Kezilahabi. Hoja yangu naitoa mapema ili msomaji anipime nayo. Vitu vichache humtuliza mtu aliyechagua mwenyewe kuwa navyo vichache, na anayejua kwamba siku akivihitaji atavipata. Ukiondoa masharti hayo mawili, chumba kitupu ni chumba kitupu tu, na anayelala humo anaweza kuwa anaumwa.

Kitabu kilichovuma kuliko vyote ni cha Marie Kondo wa Japani. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka Marekani mwaka 2014, na mwaka 2019 Netflix wakamwekea kipindi chake. Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Unakusanya nguo zako zote, unazimwaga kitandani, unashika moja moja na kujiuliza kama inaugusa moyo kwa furaha. Isiyougusa unaishukuru, halafu unaiaga. Fumio Sasaki, naye Mjapani, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha 2015: aliondoa karibu kila kitu katika nyumba yake ndogo ya Tokyo, akapiga picha kilichobaki. Kule Marekani wako Joshua Fields Millburn na mwenzake Ryan Nicodemus, waliojiita The Minimalists, wakatengeneza na filamu.

Ukiwasoma kwa kufuatana unaona jambo ambalo wahubiri wa kwenye simu hawalisemi. Hadithi zao zinaanza na jeraha, kabati linakuja baadaye. Millburn mwaka 2009 alifiwa na mama yake na ndoa yake ikavunjika wakati huohuo. Kupanga vitu vya marehemu mama yake ndiko kulikomfungua macho. Sasaki anakiri kwamba kilichokuwa kinamtafuna ni kujilinganisha na wenzake: nani ana nyumba kubwa, nani ana kazi nzuri, nani ameoa. Anaeleza pia jinsi tetemeko la Machi 2011 lilivyowabadilisha Wajapani, kwa sababu kabati na televisheni zilizokuwa fahari ya nyumba zinaweza kumwangukia mtu zikamwua. Na Kondo mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa msichana alikuwa mtumwa wa kupanga na kutupa, hadi siku moja akazimia. Alipozinduka ndipo akapata wazo kwamba kazi si kutafuta cha kutupa, kazi ni kutafuta cha kubakiza.

Mimi naona ukurasa huo ndio wa thamani kuliko yote aliyoandika. Mtu anaweza kuumwa kwa kujaza nyumba, na anaweza kuumwa kwa kuikwangua. Hofu ni ileile, imevaa nguo nyingine. Na mwaka 2023, akiwa na watoto watatu, Kondo alisema hadharani kwamba kupanga nyumba ameachia kiasi. Watu walimcheka. Sikuona cha kucheka. Alikuwa amegundua kile ambacho kila mama mwenye watoto watatu anakijua bila kitabu.

Je, utafiti unasemaje? Mwaka 2010 Darby Saxbe na Rena Repetti walichapisha utafiti wao juu ya wanandoa wa Los Angeles wenye watoto. Waliwatembeza ndani ya nyumba zao huku wakizielezea kwa maneno yao wenyewe, kisha wakapima kotiso, ile homoni ya msongo, katika mate yao. Wanawake walioielezea nyumba yao kwa maneno ya fujo na kazi zisizokwisha, kotiso yao haikushuka vizuri mchana kama inavyotakiwa kushuka kwa mtu anayepumzika. Kwa wanaume haikuonekana hivyo. Kwa hiyo si uongo kwamba mrundikano wa vitu unaweza kumchosha mtu. Lakini mimi hapo nauliza: kwa nini wanawake? Vitu vilikuwa vilevile, chini ya dari lilelile. Kilichotofautiana, kwa maoni yangu, ni nani anaviona kama kazi inayomsubiri yeye. Hapo mzigo si wingi wa vitu. Mzigo ni mgawanyo wa kazi, na kugawa nusu ya nguo hakuugusi.

Sasa twende Kihesa. Kwa asiyepajua, Kihesa ni kata ya Manispaa ya Iringa, upande wa kaskazini, kwenye barabara inayokwenda Dodoma. Mji wetu una Chuo Kikuu cha Iringa, una RUCU, una Mkwawa, na wanafunzi wanaokosa nafasi mabwenini wanapanga mitaani. Chumba chenyewe tunakiita geto. Godoro chini, ndoo mbili, jiko la gesi la mtungi mdogo, kamba ya nguo kutoka ukuta hadi ukuta, begi la safari ndilo kabati. Ukikipiga picha asubuhi jua likiwa linaingia, Sasaki mwenyewe angekusifu.

Lakini muulize mwenye geto kama ametulia. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, wengine miezi sita. Mkopo wa chuo umechelewa. Juni na Julai baridi ya Iringa inaingia hadi kwenye mifupa, na blanketi la pili halipo. Vitu vyake ni vichache kwa sababu kila kitu cha ziada ni gharama ya kuhama: safari moja ya Kirikuu au safari mbili? Huyu ana vichache kuliko mfuasi yeyote wa Kondo, na usingizi hapati.

Mchumi Sendhil Mullainathan na mwanasaikolojia Eldar Shafir wameliandikia jambo hili kitabu kizima, kilichotoka 2013. Wao na wenzao waliwapima wakulima 464 wa miwa kule India, kila mmoja mara mbili: kabla ya mavuno, hela zikiwa zimekata, na baada ya mavuno, wakiwa wameshalipwa. Mtu yuleyule alifanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya akili alipokuwa hana kitu. Upungufu wenyewe ulikuwa umekalia kiti kichwani mwake, nafasi ya mengine haipo. Mkulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini hahitaji kuambiwa hilo na mchumi. Anaijua Januari, anaijua Februari, miezi ambayo ghala linalia na mahindi mapya bado yako shambani.

Ndiyo sababu kitu kimoja hakikosekani kwenye mageto mengi ya hapa, na kwenye video za vyumba vyeupe hukioni: gunia la mahindi, au nusu gunia la unga, limeegemezwa kwenye kona. Limetumwa na mama kutoka Kilolo au Mufindi, limekuja juu ya basi, pengine na viazi. Halipendezi. Linachukua nafasi. Ukilishika halikupi furaha ile ya Kondo. Lakini ukiniuliza ni kitu gani kinachotunza akili ya kijana yule mwezi wa pili, nitakuonyesha lile gunia. Wazee walisema akiba haiozi. Mimi naongeza kwamba akiba inalaza.

Kuna na vitu ambavyo si vyako hata kama viko kwako. Sufuria kubwa la shughuli, lile la kupikia msibani. Mikeka. Viti vya plastiki. Thermos tatu. Mama wa Kihesa akiulizwa kama sufuria lile linampa furaha atakushangaa, kwa sababu mara ya mwisho lilitoka nyumba ya pili kulikokuwa na msiba, na kabla ya hapo lilikuwa kwenye kipaimara. Linalala kwake, lakini mtaa mzima unalijua. Vitabu vya vitu vichache vinamfikiria mtu mmoja na vitu vyake. Mtu mwenye vitu vya watu wengi havimwoni.

Na hebu tuulize: vile vinavyotolewa huko kwenye vyumba vyeupe vinakwenda wapi? Sehemu yake inafungwa kwenye mabelo, inapanda meli, inashuka Dar es Salaam, inapanda lori, inapanda Kitonga, inafika Iringa. Sweta linaloagwa na kushukuriwa kule Marekani linaweza kuangukia mikononi mwa muuza mitumba hapa sokoni, na siku ya baridi linagombewa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kutuondolea nafuu ya soko chini ya AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza kamba, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Kwa hiyo wepesi wa moyo wa mtu mmoja una mwisho wake mahali fulani, na mwisho huo una uzito, una bei, una hata siasa zake. Sisemi mtu asitoe nguo zake. Nasema kitabu kinachosimulia kuhusu kutoa, kikaishia mlangoni, kimesimulia nusu.

Fasihi yetu ina mashaka ya zamani na nyumba tupu. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi anatazama magofu ya Pate, majumba ya matajiri yaliyobaki bila watu. Utenzi ule unaonya dhidi ya kuipenda dunia na mali zake, na kwa maana hiyo ungeweza kuwa ndugu wa Kondo. Lakini nyumba isiyo na kitu pale ni kilio. Kutokuwepo kwa vyombo ni kutokuwepo kwa waliovitumia. Mshairi hakusema punguza vyombo upate raha, alisema ikumbuke roho yako kwa sababu vyombo havitabaki. Ni mafundisho mawili tofauti, na tukiyachanganya tunapoteza yote mawili.

Anayekaribia zaidi mtindo wa leo ni Utubora. Utubora Mkulima ilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya Shaaban Robert kufariki. Utubora ni karani Unguja, kwa tajiri Ahmed, ana mshahara mzuri na anapendwa kazini. Anaacha. Anakwenda kijiji cha Busutamu kulima. Tajiri wake hamwelewi, na nadhani msomaji wa leo anayesaka ajira kwa miaka mitatu hamwelewi vilevile: mtu anaachaje kazi ya uhakika akashike jembe?

Tulifundishwa shuleni kuisoma riwaya hii kama somo la kupenda kilimo, na baada ya Azimio la Arusha ilikaa vizuri kwenye ratiba hiyo. Mimi naiona kama riwaya ya afya ya akili iliyoandikwa kabla hatujawa na mazoea ya kutamka neno hilo. Anachokikimbia Utubora ni kazi isiyomfanya awe mtu. Anachokwenda kukitafuta ni kazi anayoiona ikiota, na majirani wanaomjua kwa jina lake. Busutamu hakukuwa tupu. Kulikuwa na udongo, mimea, watu na shida za watu. Hapo ndipo Shaaban Robert anapomzidi Kondo na Sasaki. Wao wanamaliza kitabu chumba kikiwa kimetulia, na msomaji anabaki akijiuliza, haya, nimeshatoa, sasa nifanye nini na siku nzima? Shaaban Robert anaanzia hapo. Anajua kwamba mtu akipunguza bila kuwa na cha kufanya kwa mikono, na bila wa kuzungumza naye jioni, nafasi iliyobaki itajazwa na mawazo.

Lakini nisimpambe mzee wetu kupita kiasi. Riwaya ina tundu, na tundu lenyewe ndilo linalotuhusu. Jina la mhusika limeshammaliza: utu bora. Hakosei, hayumbi, halali na njaa ya kweli. Angekuwa kijana wa leo mwenye kazi mjini, siku ya kwanza ya kuacha kazi simu ingeita: mdogo wake anadaiwa ada, shangazi amelazwa, kikundi cha harusi kinamsubiri mchango. Kuacha mshahara kwake ni uamuzi wa mtu mmoja na dhamiri yake. Kwa wengi wetu mshahara una watu saba ndani yake. Hata Henry David Thoreau, Mmarekani aliyekwenda kuishi peke yake msituni kando ya bwawa la Walden mwaka 1845, na ambaye watu wa vitu vichache humchukua kama babu yao, alijenga kibanda chake kwenye ardhi ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson. Mtu anayechagua kuwa na kidogo aghalabu ana mgongo wa kuegemea. Utubora naye anao: ujuzi wake, na uhakika kwamba akibisha hodi mjini atapokelewa. Uhakika huo ndio utajiri wake, na haumo kwenye orodha ya vitu alivyoacha.

Kama Busutamu ni upande mmoja wa sarafu, upande wa pili uko karibu sana na Kihesa. Fuata tu ile barabara ya Dodoma, utafika Isimani. Miaka ya sitini Isimani ilijulikana kwa mahindi, na wakulima wakubwa walikuwa na matrekta na mashamba mapana. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967. Tusisahau kwamba lilianza na viongozi wenyewe: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili. Ukiyasoma masharti yale leo unaweza kusema ni minimalizimu iliyoandikwa kwenye sera, na kwa waliyoyakubali kwa moyo, ilikuwa na heshima yake. Azimio la Zanzibar la 1991 ndilo lililoyafungulia.

Isimani ilikuwa habari nyingine. Pale kupunguza hakukuwa kwa hiari. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi, shambani. Mwamwindi alihukumiwa akanyongwa. Watu wa Iringa bado wanalizungumza jambo hili kwa sauti ya chini, na wengi wana upande. Mimi sitafuti upande hapa. Nalitaja kwa sababu miaka minne baadaye, 1975, Kezilahabi alitoa Dunia Uwanja wa Fujo, na wasomaji wengi wameusikia mwangwi wa Isimani ndani yake. Tumaini, kijana aliyetapanya ujana wake kisha akajikusanya na kujenga mali, anafikiwa na siasa ya Ujamaa, anamwua kiongozi wa serikali, ananyongwa.

Sasa wapange Utubora na Tumaini kwenye benchi moja. Wote wawili wanaonyeshwa njia ileile: acha kujilimbikizia, ishi na wenzako. Mmoja anatulia, mwingine anavunjika. Kama vitu vingekuwa ndio ugonjwa, Tumaini angepona siku aliyovipoteza. Tofauti ni nani ameshika ufunguo. Kilichochukuliwa kwa nguvu hakipunguzi mzigo, kinaongeza, kwa sababu mtu anabaki anakilinda kichwani mchana na usiku hata baada ya kuondoka. Waliohamishwa katika Operesheni Vijiji kati ya 1973 na 1976, wakabeba kilichoenea kwenye lori na kuacha nyumba walizojenga, waliishi na vichache pia. Sijamsikia mzee hata mmoja akikieleza kipindi kile kama mapumziko ya akili.

Kezilahabi hana upole wa Shaaban Robert, na hapa ukali wake unatufaa. Hampi Tumaini utakatifu. Anamwonyesha akiwa mbinafsi, akiwa mzembe, na bado anatulazimisha tuone maumivu yake. Katika Kichwamaji, ya 1974, alikuwa ameshamchora Kazimoto, msomi wa chuo kikuu ambaye mwisho wake ni kujiua. Kazimoto si masikini wa vitu wala si tajiri wa vitu. Anachokosa ni sababu, na watu anaoweza kuwa nao bila kujiona mgeni. Hakuna kabati la kupanga litakalomponya huyo. Nikisikia kijana wa geto aliye kwenye sonona anashauriwa asafishe chumba, namkumbuka Kazimoto.

Na hapa nafika kwenye kinachonitia wasiwasi zaidi. Ule ushauri wa kwenye simu umeshatoka kwenye vitu, umehamia kwa watu. Eti linda amani yako, punguza watu. Ndugu anayekuomba hela mara kwa mara, mfute namba. Rafiki mwenye matatizo, kaa mbali naye. Mama anayepiga simu na malalamiko, usipokee. Kipimo cha Kondo, kile cha kushika kitu na kujiuliza kama kinakupa furaha, sasa kinapimia binadamu. Kuna watu wa kukaa nao mbali kweli, anayekupiga, anayekunyonya, hao sina ubishi nao. Lakini mtu mwenye sonona huwa tayari amejitenga, ugonjwa wenyewe ndo unavyofanya kazi, unamwambia kwamba yeye ni mzigo na wenzake ni mzigo. Ukimpa falsafa inayomwambia kujitenga ni usafi, umemfungia mlango kwa nje. Sisi hapa tunatania, ukionekana umechanganyikiwa unaambiwa upande basi la Dodoma, maana Mirembe iko huko. Utani una mahali pake. Lakini mtu wa kumpeleka mwenzake hospitali, kumsubiri nje, kumkumbusha dawa, hawezi kuwa ua ndani ya chupa. Ni yuleyule ndugu msumbufu aliyefutwa namba.

Ajabu ni kwamba desturi zetu zina njia ya kupunguza vitu, na wala haijitangazi. Msiba ukishapita, kwa familia nyingi za huku, ndugu wanakaa na nguo za marehemu zinagawiwa. Koti kwa mdogo wake, kitenge kwa mkwe, blanketi kwa jirani aliyeuguza. Hakuna anayefanya peke yake chumbani. Wapo wazee, kuna chai, kuna kulia kidogo, kuna na mtu atakayesema kwamba koti hilo alilivaa siku ya harusi yako. Kila kitu kinaondoka kikiwa na hadithi yake na kinakwenda kwa mtu mwenye jina. Millburn alipokuwa anahangaika na vitu vya mama yake, hicho ndicho alichokikosa. Na Kondo, aliyewahi kuhudumu miaka mitano katika hekalu la Kishinto, anapoishukuru nguo kabla ya kuiaga, nadhani anakigusa kwa mbali. Hilo la kushukuru ningependa tulibakize kutoka kwake, lile la kujiuliza peke yako kuhusu furaha nalitilia shaka.

Kwa hiyo nani asome nini? Kama nyumba yako imejaa hadi huna pa kuweka mguu, na uwezo wa kununua tena unao, msome Kondo, atakusaidia, kitabu chake kina adabu kuliko wafuasi wake. Kama unajilinganisha na watu hadi usingizi umekimbia, Sasaki atakuambia ukweli bila kukuhukumu. Kama uko kwenye geto na vichache vyako vimekuchagua wewe, usiruhusu mtu akuambie kwamba umeshapona kwa kuwa huna kitu. Tafuta Utubora Mkulima, utaipata hata kwenye meza za vitabu vya mtumba, uisome ukijiuliza huyu bwana alikuwa na nini ambacho hakukiacha Unguja. Halafu soma Dunia Uwanja wa Fujo mara baada yake, usiache siku nyingi zikapita katikati, ladha ya ya kwanza ikiwa bado mdomoni.

Na gunia la mama liache palepale kwenye kona. Likiharibu picha, geuza simu.